Anayepinga Ainue Mkono

Jumamosi jioni mke wa Fundi alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mumewe, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mke wa karani wa kanisa.

"Hongera, dada! Tumesikia umekubali. Mungu akupe nguvu, maana kuwa mke wa rais wa kigingi si mchezo."

"Asante," akajibu, akakata simu, akachomoa pasi ukutani. Fundi alikuwa mezani anafungua kompresa ya friji. Hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba mambo yameharibika.

Kwa asiyewajua Wamormoni, hawa hawana padri wa mshahara. Leo wewe ni fundi wa friji, kesho unaitwa uwe askofu wa kata yako, yaani kusanyiko lenu la Jumapili, na Jumatatu friji za watu zinakungoja palepale. Fundi alikuwa askofu miaka sita. Ndoa za watu alizisuluhisha, wafiwa alikaa nao, wagonjwa aliwawekea mikono na kuwaombea, na nyumbani sahani yake ilifunikwa mpaka chakula kikapoa. Kitinda mimba wake alipoulizwa shuleni baba yake anaitwa nani, akasema, "Askofu." Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mama mtu.

Mwezi uliopita alipumzishwa. Mkewe aliimba jikoni siku nzima, na Fundi akamwahidi kwamba hatakubali wito mwingine kabla yeye hajakubali. Ahadi ni deni, hilo kila mtu analijua mpaka zamu yake ya kulipa ifike.

Sasa mgeni mkubwa kutoka makao makuu ya kanisa alikuwa amekuja kumtafuta rais mpya wa kigingi, yaani mkuu wa kata zote za mji. Mchana wa Jumamosi hiyo alimwita Fundi ofisini, akampa wito wa kazi hiyo, kisha akauliza, "Mkeo yuko wapi? Mimi humuuliza mke mwenyewe, kwa mdomo wake."

Na Fundi, mtu aliyekaa miaka sita akiwauliza watu kama ni waaminifu katika mambo yao, akajibu bila kupepesa macho, "Amekwenda kumwona mgonjwa, Mzee. Lakini tumeshaongea. Amekubali."

Mgonjwa gani! Mke alikuwa nyumbani anafua. Jamani, mtu mzima anadanganya vile kwa sababu gani? Aliogopa jibu la mkewe, basi. Na kazi ile alikuwa ameshaitamani, ingawa ungemwambia hivyo angekununia wiki nzima.

"Nimekubali lini?" mkewe aliuliza, pasi bado mkononi.

"Nilitaka nikueleze baada ya chakula."

"Unieleze. Si uniulize." Akalitundika shati kwenye hanga, taratibu, akalinyoosha kola. "Kesho watauliza kama kuna anayepinga. Mimi mkono ninao."

Akaenda kulala, akamgeuzia mgongo. Ndoa yao ilifungwa hekaluni, ya milele, na milele ni ndefu sana ukiwa umenuniwa. Fundi alilala chali bila kupata usingizi. Katika kanisa lile kila anayeitwa husimamishwa mbele ya watu, waumini wakamuunga mkono kwa mikono kweli, kisha huulizwa kama yupo anayepinga. Huulizwa kila mara. Tangu abatizwe hajawahi kuona hata kidole kimoja kikinyanyuka.

Asubuhi ukumbi ulifurika, viti vya kukunja vikapangwa mpaka koridoni. Fundi alikaa safu ya tatu, mkewe kulia kwake, kitinda mimba katikati akichezea tai ya baba yake. Mke alikuwa na mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

Mgeni alisimama. Akamshukuru rais aliyemaliza, akataja jina la Fundi, akamwomba asimame. Fundi akasimama.

"Wanaokubali, waonyeshe kwa kuinua mkono."

Ukumbi mzima uliinua. Fundi alitazama chini. Mikono ya mkewe ilikuwa palepale juu ya mkoba.

"Na kama yupo anayepinga, aonyeshe vivyo hivyo."

Mkono wa kulia wa mkewe ukauacha mkoba. Fundi akaona yatakayofuata kama vile yameshatokea: mama wa watu akinyooshewa vidole kila Jumapili mpaka anazeeka, yule aliyempinga mumewe, yule asiye na imani, kwa uongo ambao si wake. Kabla mkono ule haujafika popote, akainua wa kwake.

Shingo zikageuka. Mtoto akasema kwa sauti, "Baba, umekosea, hiyo ni ya kupinga!"

"Sijakosea, mwanangu," akasema Fundi. "Mzee, jana nilikudanganya. Mke wangu hakuulizwa."

Mgeni akaomba waimbe wimbo, akawaita wote wawili ofisini. Fundi alikijua kile chumba vizuri, ila kabla ya jana hakuwahi kukaa upande huu wa meza.

"Mama," mgeni akasema, "ulitaka kupinga?"

"Nilikuwa natafuta leso," akajibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nilisema kwa hasira. Nimwaibishe baba watoto mbele ya watu, nina wazimu? Angeniuliza jana ningekubali. Ningelalamika, lakini ningekubali. Hilo ndilo linaloniuma."

"Na leo?"

"Leo bado hajaniuliza."

Fundi akamgeukia. "Mama watoto, nimeitwa kazi hii. Unakubali?"

"Hapana," akasema.

Ukumbini walikuwa wamefika ubeti wa mwisho. Fundi aliingoja "lakini" ifuate, haikufuata.

"Umesikia, Mzee," akamwambia mgeni. "Nisamehe. Tafuta mwingine."

Walipotoka walipishana na mwalimu mmoja wa sekondari akiitwa ofisini, mkewe nyuma yake, uso umempauka. Wakarudi safu ya tatu, macho ya watu yote yakiwa juu yao. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Mtoto akahamia mapajani kwa mama, kwa hiyo katikati yao hapakubaki mtu.

Baada ya nyimbo nyingine mbili na sala ndefu, jina la mwalimu lilitajwa. Mkewe alikuwa amekaa safu ya mbele yao. Mke wa Fundi akainama, akamgusa bega.

"Mwenzangu, umeulizwa?"

"Nimeulizwa. Nililia kwanza, halafu nikakubali."

"Wanaokubali, waonyeshe kwa kuinua mkono," akasema mgeni.

Mke wa Fundi akainua wa kulia. Wa kushoto akauweka juu ya goti la mumewe, akauacha hapo.