Kinyozi Kwenye Semina ya Kupumua

Mkono wa kulia wa kinyozi haukuwa na ugomvi na mtu. Ukiupa mkasi, ulikata. Ukiupa mashine, ulizunguka kichwa kizima bila kuacha hata unywele mmoja wa ushahidi. Ukiupa kikombe cha chai ya moto, ulikifikisha mdomoni salama salimini. Shida ilikuwa wembe. Ulipoushika wembe na kuusogeza karibu na koo la binadamu, mkono ule ulianza kutetemeka wenyewe, na hakuna aliyeweza kuunyamazisha, mwenyewe akiwa wa kwanza.

Daktari alimpima, akampima tena, akasema mishipa mizima, damu nzima, hiyo ni hofu tu, apunguze mawazo. Kinyozi alitoka pale amefura. Apunguze mawazo! Kana kwamba mawazo ni nywele, unapitisha mashine namba mbili na kufagia sakafu. Mtu mwenye duka la kunyolea, mke, watoto wanaosoma na siri ya namna ile, mawazo anayapunguzia wapi?

Kwa maana hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo. Ukipiga chafya upande huu, kabla hujafuta pua upande wa pili wameshaambiwa una homa. Vijana wawili walikuwa wamefungua duka la kunyolea karibu na soko, lenye viti vya kuzunguka na muziki, na walikuwa wakimwamkia kwa heshima iliyozidi, kama watu wanaosubiri urithi. Siku watu watakapojua kwamba mkono wake unatetemeka, hakuna shingo itakayolala tena kwenye kiti chake. Na yeye kazi nyingine hakujua.

Kwa hiyo alijitahidi. Mteja akitaka wembe, alimwambia siku hizi mambo ni mashine, wembe umepitwa na wakati. Wengi walikubali. Aliyegoma ni mmoja tu, Karani.

Karani alikuwa mstaafu wa bandarini, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kununua mkaa. Alikuja kunyolewa ndevu kila Jumamosi asubuhi, tangu kinyozi hajaoa, na mashine ilimtoa vipele. Lazima wembe. Basi kuanzia Alhamisi kinyozi alikuwa hali vizuri, halali vizuri, anaijua Jumamosi inavyokuja. Na Jumamosi moja wembe ulimgusa Karani chini ya sikio, tone moja la damu likatoka.

"Kipele hicho, Mzee," kinyozi aliwahi kusema huku akibandika pamba.

"Ndiyo, kipele," Karani alijibu, akiwa bado amekaza macho darini.

Wiki ile ndipo kinyozi alipoliona tangazo kwenye mlango wa posta. Semina ya afya, sanaa na utamaduni, wakazi wote mnakaribishwa: kupumua na kunyoosha viungo kwanza, halafu kutengeneza na kupiga ngoma. Jifunze kutuliza mwili na moyo. Mahali ni ghala la zamani la nazi, mwisho kabisa wa kisiwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyompendeza. Mwisho kabisa wa kisiwa, nani anamjua?

"Nakwenda kujifunza ngoma," alimwambia mkewe.

"Ngoma? Wewe?" Mkewe aliacha kukunja nguo. "Baba watoto, kwenye harusi yetu ulipiga makofi mpaka mama akaniuliza kama kuna mbu."

"Ndiyo maana nakwenda kujifunza."

Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kwenye nguo zake. Kinyozi hakupenda jinsi alivyonyamaza upesi.

Alifika ghalani asubuhi, akavua viatu, akaingia. Mikeka ilikuwa imetandikwa juu ya saruji, madirisha yamefunguliwa, harufu ya nazi iliyokauka bado iko ukutani. Na mtu wa kwanza kumwona, amelala chali kwenye mkeka wa mbele, amevaa kaptura, mguu mmoja umeelekea juu, alikuwa Karani.

Mguu wa Karani ulianguka wenyewe.

"Shikamoo, Mzee," kinyozi alisema.

"Marahaba, Fundi. Umekuja... kwa ajili ya ngoma?"

"Ngoma, Mzee. Na wewe?"

"Mgongo," alisema Karani haraka. "Mgongo unanisumbua sana."

"Kumbe mnajuana!" alisema mwalimu wa kupumua, binti mwenye sauti ya taratibu mno ambaye wote walimwita Polepole.

"Huyu ndiye kinyozi wangu," Karani alijibu, na ghala zima likasikia. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze na mkeka wake.

Angeweza kuondoka. Lakini mtu akiondoka, wenzake hujiuliza kwa nini, na kuulizwa kwa nini ndicho kitu alichokikimbia. Akajikaza kisabuni, akalala chini.

"Vuteni pumzi," Polepole alisema. "Ishikeni. Sasa ishusheni, bila haraka."

Kinyozi alivuta, akashika, akashusha. Ila kila alipofungua jicho moja kuchungulia, alikuta Karani naye amefungua jicho moja, anamtazama. Macho yanakutana, yanafumbwa. Dakika mbili, yanakutana tena. Ananipeleleza, kinyozi aliwaza. Ile pamba hakuisahau. Amenifuata mpaka huku apate ushahidi, kisha aupeleke sokoni.

"Fikirieni jambo linalowatia hofu," Polepole aliendelea. "Litazameni linakuja. Msilikimbie."

Karani, ambaye eti aliumwa mgongo, alipeleka mkono kooni akaushikilia pale, jasho linamtoka kwenye kipaji. Kinyozi aliona lakini hakutia maanani. Alikuwa na hofu yake ya kuitazama.

Jumamosi hiyo alimnyoa Karani kwa shida, kiwiko amekibana ubavuni, na Mungu alisaidia. Hawakuzungumza habari za semina hata kidogo.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya ngoma. Fundi wa ngoma alikuwa mwanamke wa miraba minne waliyemwita Mama Kishindo, na jina hakulipata kwa bahati mbaya. Alileta ngozi ya mbuzi iliyolowekwa kwenye maji ya majivu, akaiwamba kwenye fremu ya mbao, manyoya juu, akawakusanya watu.

"Ngozi haivishwi kwenye mzinga wa ngoma na manyoya yake," alisema. "Inanyolewa kwanza. Kwa wembe. Na ukiikwaruza mahali, hata kidogo, siku ya kuivuta panapasuka hapo hapo, na ngoma hatuna. Huwa nanyoa mwenyewe. Lakini leo tunaye mwenye fani yake. Kinyozi yuko wapi?"

Vichwa vyote viligeuka.

"Mimi nanyoa watu, mama. Mbuzi sijawahi."

"Basi bahati yako. Huyu hatalalamika."

Watu walicheka. Kinyozi alicheka pia, kicheko kikavu, akasema labda wembe umeisha makali. Mama Kishindo akaupitisha juu ya mkono wake mwenyewe, vinywele vikaondoka, akampa.

"Nipe mimi," sauti ilisema nyuma. Karani alikuwa amesimama. "Nipe mimi, nitanyoa."

"Wewe, Mzee?" Mama Kishindo alimtazama juu mpaka chini. "Ndevu zako mwenyewe unanyolewa, mbuzi wa watu utamweza?"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Kinyozi hakucheka safari hii. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Kumbe ndivyo! Amesimama mbele za watu ili waulize kwa nini mzee wa bandarini ashike wembe na kinyozi yupo. Akaunyakua.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Ngozi ile ilikuwa imekufa, haikuwa na mshipa unaodunda, na mkono ulionekana kulijua hilo. Manyoya yaliyolowa yalitoka mapandemapande, chini pakabaki peupe na laini. Alinyoa mgongo wote. Alinyoa mbavu. Mtu mmoja akasema aisee, fundi ni fundi, na kinyozi akaanza kupumua kama alivyofundishwa. Pengine imekwisha, alijiambia. Pengine imekwisha kweli.

"Hapo sasa taratibu," Mama Kishindo alisema, ameinama karibu. "Hapo ndipo shingoni. Ngozi yake nyembamba."

Ni neno tu. Shingoni. Lakini mkono ulilisikia kabla ya mwenyewe. Wembe ulianza kucheza, akaubana, ukazidi, akaushika kwa mikono miwili, na hapo ukazama. Ngozi ilichanika urefu wa kidole.

Hakuna aliyecheka. Mama Kishindo hakuitazama ngozi. Alikuwa anautazama mkono, ambao ulikuwa bado unatetemeka, na watu wote walikuwa wanautazama huo huo.

Kinyozi aliuweka wembe chini, akatoka. Nyuma ya ghala palikuwa na bomba la maji. Alifungulia, akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu, akaendelea kuosha. Nyayo za taratibu zilikuja nyuma yake, na hakuwa na haja ya kugeuka.

"Umeridhika, Mzee?" alisema. "Nenda sasa. Nenda ukawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba umepata ulichofuata huku."

Karani alifunga bomba. "Fundi, nilisimama nikunyang'anye wembe usiaibike. Sikujua utaushika."

Kinyozi aligeuka. "Ulijua?"

"Nani hajui?" Karani alisema kwa upole. "Wateja wako wote wanajua. Unadhani wote waliingiwa na mapenzi ya mashine kwa siku moja? Walikubali upesi kwa sababu ulikuwa unawaokoa. Mkeo ndiye aliyetuomba tusikuambie. Alisema ukijua kwamba tunajua, utafunga duka, na ukifunga duka utakufa."

"Na wewe? Wewe ndiye unayetaka wembe!"

"Mashine inanitoa vipele," alisema Karani, kama mtu anayekiri wizi. "Na nikienda kwa wale vijana utaniona. Duka lako linatazama njia ya sokoni."

"Kwa hiyo hapa unafanya nini? Mgongo?"

Karani alitazama chini, kwenye vidole vya miguu yake.

"Mgongo wangu hauna neno. Nimekuja kujifunza kutulia. Kwenye kiti chako, Fundi. Kila Jumamosi nikilala pale nadhani ndiyo mwisho. Nikaona nikijifunza kupumua, labda nitaweza kuendelea kuja."

Kinyozi aliketi juu ya ukingo wa saruji. Miezi yote ile, mzee huyu akilala chali na macho yameganda darini, vidole vimeng'ang'ania mkono wa kiti, yeye alidhani ni starehe. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Karani alisimama kando yake, hakumgusa, hakumwambia anyamaze.

Jumamosi Karani alikuja kama kawaida, shati limepigwa pasi. Aliketi, akaegemea nyuma, akavuta pumzi ndefu kutoka tumboni na kuishikilia.

"Shusha pumzi, Mzee," kinyozi alisema. "Kaa wima."

Alimpaka povu mashavuni na kooni. Kisha akauchukua wembe, akaugeuza, akamwekea Karani mkononi.

"Mimi?" Karani aliuliza. "Sijawahi maisha yangu."

"Nitakuelekeza. Anza hapa chini ya sikio, fuata ndevu zinavyolala. Usibonyeze."

Mlango ulikuwa wazi. Wateja wawili kwenye benchi walinyoosha shingo kutazama. Kinyozi aliwaona, akawaacha waone. Alichukua kioo cha mkono, akasimama mbele ya Karani, akamshikia.

Karani aliinua wembe kuelekea koo lake, na kioo kikaanza kutetemeka, ingawa safari hii wembe haukuwa mkononi mwa kinyozi. Karani akautafuta uso wake, akawa anakifuata kioo kwa kichwa, huku na huku, akijinyoa taratibu.