Tangazo la Kabatini

Jumatatu asubuhi mpima maji alichota maji ya ziwa kwa chupa yake gatini, ikatoka na utando wa kijani, mzito kama rangi ya mlango. Kwenye darubini akaviona alivyoviogopa: vijimwani vya sumu, tele. Akajaza fomu kwa herufi kubwa: MAJI YASINYWEWE, HATA YAKICHEMSHWA. Akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Subiri, maana neno hilo halimkauki mdomoni.

"Subiri," akasema kweli. "Nitalishughulikia."

Kanuni ya ofisi ilimkataza mpima kutamka lolote kabla ripoti haijapitishwa. Naye, mjinga wa kutii, akafunga mdomo hata kwa mama yake mzazi, anayechota maji ziwani humo humo.

Lo, kumbe lilishughulikiwa! Jumatano anapita sokoni, anakuta tangazo la tangu jana limebandikwa nguzoni: MAJI YA ZIWA YAMEBADILIKA RANGI. CHEMSHENI KABLA YA KUNYWA. Chini yake: Kitengo cha Upimaji. Yaani kitengo chake yeye, chenye mtu mmoja!

Alipanda ngazi za ofisi mbili mbili.

"Mkuu, hili si lile tangazo la zamani la kipindupindu? Mmelitoa kabatini mkabadilisha mstari mmoja!"

"Hilo lilikwisha kuidhinishwa. Jipya lingetaka sahihi saba. Si ulitaka watu waambiwe? Wameambiwa."

"Wameambiwa uongo! Moto unaua vidudu, hauondoi sumu hii. Maji yanapungua, sumu inabaki sufuriani. Niliandika kwenye fomu. Hukusoma?"

"Punguza jazba, binti yangu. Subiri kikao cha Ijumaa."

Binti yangu! Ukoo gani huo? Kama si adabu aliyofundwa na mama, angemwambia la kumwambia. Alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

Alimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, mkono tumboni, sufuria inatokota.

"Tumbo tu, linanisokota tangu usiku," mama alisema. "Hapa nachemsha mara ya pili, nisije nikakosea. Nimeliona tangazo lako, mwanangu. Majirani walibisha, eti maji yananuka, tusiyaguse kabisa. Nikawaambia, mwanangu ndiye anayepima, fanyeni anavyosema. Wakanisikiliza, wote."

Binti aliirukia sufuria. Akazima jiko, akamwaga maji yote uani, akampigia dereva wa teksi awapeleke hospitali. Kisha akasimama mlangoni, akaanza kuwaita majirani kwa sauti iliyomkwaruza koo: mama wa jirani, fundi cherehani, wote waliomwamini. Mwageni! Hata mliyochemsha, mwageni! Tangazo lile ni la uongo!

"Mwanangu," mama aliita kutoka jikoni, kwa wasiwasi, "ofisini wamekuruhusu kusema hivyo?"

"Hapana, mama," akajibu, akaendelea kuita.