Kitambaa cha Arlys

Arlys Brekke aliusikia ule mti kabla hajauona. Alikuwa akishuka kwa miguu kando ya mkono wa kushoto wa mto, akitafuta wadudu, na wadudu alikuwa amewapata: wakubwa kama kidole, matumbo ya rangi ya machungwa, wameng'ang'ania kila kijiti, wengine wakimtambaa shingoni. Wiki hii huja mara moja tu kwa mwaka, theluji ya milimani ikiyeyuka na mto ukigeuka rangi ya kahawa ya maziwa. Samaki wakubwa aina ya trauti husogea ukingoni kula hao wadudu kwa pupa, na mvuvi mwenye manyoya ya rangi ya machungwa yaliyofungwa kama mdudu kwenye ndoano yake anaweza kupata samaki wa kusimulia habari zake mpaka uzeeni. Arlys alishaanza kutabasamu peke yake. Ndipo akasikia maji yakiunguruma kwa chini, kama ngoma inayopigwa ndani ya blanketi.

Akasogea, akatazama. Jamani! Mti mzima, mizizi kwa matawi, umelala toka ukingo hadi ukingo, na maji yameufunika kwa kina cha kiganja tu. Juu ilionekana mikunjo midogo ya maji, basi. Aliye ndani ya mashua asingeuona mpaka umemkamata, na ukishamkamata, maji yanamsukuma chini ya matawi, hatoki.

Alirudi mbio hadi ncha ya kisiwa, pale mto unapogawanyika mikono miwili, alipokuwa ameifunga mashua yake kwenye kichaka. Akatoa kitambaa chekundu mfukoni na kukifunga juu ya kichaka hicho. Hiyo ndiyo desturi ya wapiga makasia wa mto ule: wa kwanza kuona mti ulioanguka hufunga kitambaa, na wenzake hupita upande wa pili bila kuuliza.

Lakini akikaza fundo alitupa jicho juu ya mto, kwa sababu alijua ni nani anayekuja nyuma yake asubuhi ile.

Mwaka jana, wiki kama hii, alifunga kitambaa hichohicho kwenye kichaka hichohicho, na mti haukuwepo. Alitaka wadudu wa kushoto wawe wake peke yake. Mdogo wake wa kiume, Dell, anayepeleka wageni kuvua kwa malipo, akapita kulia na mgeni wake, mtiifu kabisa, akarudi mikono mitupu. Jioni kule baa Arlys akaisimulia hila yake, akamwanika mbele za watu. "Umeula wa chuya, mdogo wangu!" Watu walishika mbavu. Dell hakucheka. Na hata kabla ya hapo mambo yao yalikuwa yameshapoa, maana baba yao alipokufa, ile mashua ya mbao aliyoiunda kwa mikono yake alimwachia Arlys.

Mashua ya kijani ikajitokeza kwenye kona ya mto, upande wa juu. Dell alikuwa makasiani, na mgeni wake, mzee mwenye kofia ya majani, amesimama mbele na ufito wa kuvulia mkononi. Maji yaliwaleta haraka mno.

Arlys alirukaruka akipunga mikono yote miwili. "Dell! Kulia! Pita kulia, kuna mti!"

"Ee, nimeuona!" Dell alijibu huku akicheka. "Mwekundu, unapepea! Mwaka huu hunipati, dada!"

"Sitanii! Naapa kwa kaburi la baba!"

"Mwache baba apumzike! Mzee, weka ufito tayari. Dada yangu akipiga kelele hivi, ujue kushoto kumejaa samaki."

Arlys alitaka kumtukana, akajizuia. Huyu hakuwa mjinga. Angekuwa yeye mahali pa Dell, angefanya vilevile. Kujitupa majini kusingemsaidia mtu, na maneno yake yalikuwa hayana thamani tena. Amwoneshe nini mtu huyu, hata aamini?

Macho yake yakaangukia ile mashua ya baba. Kila majira ya baridi aliipaka vanishi, mbao kwa mbao. Mto mzima ulijua kwamba Arlys angeazimisha meno yake kabla ya kuazimisha mashua ile.

Akachomoa kisu. Akakata kamba karibu na mashua, akaisukuma kwa mguu.

Mashua tupu ikaingia mkono wa kushoto, ikizungukazunguka. Kicheko cha Dell kikakatika.

"Arlys! Mashua ya baba imefunguka!" Na badala ya kurudi nyuma, loo, akageuza pua na kuanza kupiga makasia kwa nguvu zake zote. "Usiogope! Naikamata!"

"Iache!" Sauti ilimpasuka. "Dell, iache!"

Nimemuua, alijiambia. Nimemuua kwa mkono wangu.

Ghafla mashua tupu ikasimama katikati ya maji, kana kwamba imeshikwa. Ikainua upande mmoja, mbao zikalia, ikalala, ikamezwa. Kasia moja tu liliibukia ng'ambo ya mti.

Dell aliegemeza uzito wake wote kwenye makasia kurudi nyuma. Mzee alianguka chini, ufito ukaenda zake. Mto uliwavuta, Dell akavuta, na ikawa mashua haiendi mbele wala nyuma. Arlys akaingia majini hadi kiunoni, maji baridi ya kukata pumzi, akarusha ile kamba iliyobaki kichakani. Mara ya kwanza ikaanguka kando. Mara ya pili mzee akaidaka kwa mikono yote miwili.

Arlys akawavuta hadi nchi kavu. Mzee alikaa majanini, bado ameshika kamba. Wadudu wale wa rangi ya machungwa waliwatambaa wote watatu.

"Mashua ya baba," Dell alisema. Alikuwa analia waziwazi.

"Kitambaa peke yake ungekiamini?" Arlys aliuliza.

Dell alimwangalia. "Hapana."

Kisha akafungua skafu yake ya buluu shingoni, akaenda kichakani, akaifunga pembeni ya kile chekundu.

"Kuna mashua nyingine tatu nyuma yetu," alisema. "Wenyewe wote walikuwepo baa siku ile. Kitambaa chako peke yake hakuna atakayekijali."

Hakusema kwa ubaya. Arlys aliitikia kwa kichwa, akaenda kusimama ukingoni karibu naye, wakazisubiri.