Maagizo Sitini na Matatu Yaliyosimama

Ripoti ilikuwa imeshatiwa saini tangu Jumatano jioni, kurasa kumi na nne, na bado Diem hakuweza kutulia kitini. Alhamisi asubuhi aliinuka kumwagilia mmea wa dirishani ambao alikuwa ameumwagilia nusu saa kabla, akarudi, akafungua faili, akalifunga, akalifungua tena. Chini ya dirisha malori ya kampuni yalikuwa yakirudi kinyumenyume kwenye mlango wa ghala, na harufu ya soya iliyochemshwa ilipanda hadi ghorofa ya pili kama ilivyopanda kila siku.

Kiwanda kilitengeneza vyakula visivyo na nyama: tofu mbichi, yaani vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, uyoga wa kukaanga, soseji za ngano. Watu wa Saigon wanaokula nyama mwezi mzima huiacha siku ya kwanza na siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, na siku hizo mbili ndizo zilizokijenga kiwanda. Kubwa kuliko zote ni ya kumi na tano ya mwezi wa saba. Siku hiyo mahekalu hulisha watu kwa maelfu, na asiyeletewa tofu yake husahau miaka ishirini ya kuletewa.

Kampuni ilikuwa na mifumo mitatu isiyosemezana. Mmoja ulipokea maagizo ya wateja, mmoja ulihesabu mali ya ghalani, mmoja ulipanga malori. Kwa miaka kumi na moja aliyesimama katikati yake alikuwa Shangazi Bay. Alisoma agizo kwenye skrini ya kwanza, akaliandika kwenye ya pili, kisha kwenye ya tatu, huku simu imebanwa kati ya bega na sikio. Mwisho wa Juni Shangazi Bay alikuwa anastaafu.

Ndipo mkurugenzi, Bwana Khiem, ambaye wafanyakazi walimwita Baba Mdogo, alipoagiza litafutwe jukwaa la kompyuta la kuiunganisha mifumo hiyo mitatu ili agizo lipite lenyewe kutoka kwa mteja hadi kwenye lori. Kazi ya kulinganisha majukwaa alimpa Diem. Diem aliingia kiwandani akiwa mfungashaji, na kompyuta alijifunza kwa masomo ya bure kwenye simu, mapumziko baada ya mapumziko. "Ukinichagulia vizuri," Baba Mdogo alimwambia, "dawati la mifumo ni lako." Ijumaa saa nne asubuhi angesaini mkataba wa miaka mitatu na jukwaa ambalo Diem angelitaja.

Majukwaa yaliyobaki kwenye mchujo yalikuwa mawili. Velto ilitoka Singapore na kutumiwa na viwanda vikubwa. Cau Noi ilitengenezwa na vijana wa Da Nang, na skrini yake ilikuwa na rangi ya kuchosha macho. Diem aliyapa majukwaa yote mawili kazi ileile: maagizo ya miezi mitatu ya mwaka uliopita, elfu tisa mia mbili na nane, kama wateja walivyoyaandika. Halafu akayapima kwa maswali ishirini na mawili. Velto haikupoteza agizo hata moja wala haikusimama hata mara moja. Cau Noi nayo haikupoteza kitu, lakini ilisimama mara sitini na tatu ikitaka mtu aje aangalie. Kila iliposimama Diem aliikata sehemu ya alama, na pembeni akaandika neno moja: *inasita*. Velto tisini na moja, Cau Noi sabini na nne.

Lililomkosesha raha ni ile sifuri ya Velto. Maagizo elfu tisa yameandikwa na wauza soko, wapishi na watawa, na mashine haikuwa na swali hata moja?

Alivuta kiti hadi kwenye dawati la Shangazi Bay, lakini hakukikalia.

"Shangazi, kwa siku unawapigia wateja simu ngapi?"

"Umeanza kunihesabia simu wiki hizi za mwisho?" Shangazi Bay hakugeuza macho kutoka kwenye skrini. "Sita. Saba. Ikikaribia mwezi kumi na tano, mpaka sikio linawaka moto."

"Unawauliza nini?"

"Ninachohitaji kuuliza. Kaa basi, unanizungusha kichwa."

Diem alikaa, akaweka mbele yake karatasi ya yale maagizo sitini na matatu. La juu kabisa lilikuwa la hekalu la Phuoc Quang: vipande elfu mbili vya tofu, limeandikwa tarehe kumi Agosti, lifike tarehe 15 mwezi wa 7. Alilisoma na hakuona kasoro. Akalisoma mara ya pili.

"Hili lina shida gani?" aliuliza.

"Halina shida. Ni sikukuu ya mwezi wa saba. Tulipeleka tarehe kumi na nane Agosti, lori likatoka saa kumi alfajiri, niliandika mwenyewe."

"Shangazi. Hapa imeandikwa tarehe kumi na tano mwezi wa saba."

"Ndiyo. Ya mwezi mwandamo. Sasa hekalu liandike ya nini?"

Diem alirudisha macho kwenye karatasi. Yeye pia alilisoma hivyohivyo. Tangu utotoni alikuwa na kalenda mbili kichwani na hakuwahi kuona anavuka kutoka moja kwenda nyingine. Mgeni yeyote angeshangaa papo hapo kwamba agizo la Agosti linataka kufika Julai. Yeye alilipitisha, tena mara kadhaa, kwa sababu alilielewa.

Alikimbilia kompyuta yake na kutafuta agizo hilo ndani ya Velto. Lilikuwepo, safi, na maelezo mafupi chini yake: *Tarehe imepita. Agizo la dharura. Limetumwa leo.* Velto ingepeleka vipande elfu mbili vya tofu mbichi tarehe kumi Agosti, siku nane kabla ya sikukuu. Tofu yao ilidumu siku nne. Akatafuta la pili, la tatu, la kumi. Tarehe ya mwandamo daima iko nyuma ya ile ya kalenda ya ofisini, kwa hiyo kila agizo la namna hiyo lilionekana limechelewa, na Velto ililiharakisha. Kwenye ripoti, swali la kumi na saba, Diem aliipa alama tano kwa wepesi wake katika maagizo ya dharura.

Alikuwa amelinganisha kilichoingia na kilichotoka. Hakulinganisha na kilichopita getini kweli.

Saa nane mchana Luan, muuzaji wa Velto, alifika na vikombe vitatu vya kahawa ya barafu, kama kawaida yake, kimoja cha Shangazi Bay. Diem alimwonyesha. Luan aliinamia skrini kwa muda mrefu kuliko Diem alivyotarajia.

"Dada Diem, hili ni dogo," alisema hatimaye. "Kutoka tarehe kumi na tano Julai hadi kumi na nane Agosti ni siku thelathini na nne. Tunaweka kanuni: mteja akiandika tarehe iliyopita, ongeza thelathini na nne. Nipe dakika kumi."

Shangazi Bay alivuta kahawa kwa mrija mpaka barafu ikapiga kelele. "Kijana, umeoa?"

"Bado, shangazi."

"Usijichagulie siku ya harusi." Alinyoosha kidole kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchanwa karatasi kila siku, yenye tarehe kubwa ya ofisini na ndogo ya mwandamo chini yake. "Mwaka huu mwezi wa sita unaandama mara mbili, kwa hiyo wa saba unachelewa. Sikukuu iko Septemba tarehe sita. Sasa ongeza hizo thelathini na nne zako uone unamlisha nani."

Luan alihesabu kwa vidole, kisha kwa simu. Zilikuwa hamsini na tatu.

"Basi tunaingiza kalenda nzima ya mwandamo," alisema, taratibu zaidi.

"Na maduka makubwa?" Diem aliuliza. "Wao huandika kwa kalenda ya ofisini. Agizo lao likichelewa kweli, limechelewa. Utajuaje nani anaandika kwa ipi?"

Luan alipekua orodha ya wateja kwenye skrini, akaifunga.

"Haiwezi kusimama ikauliza?" Diem alisema.

"Velto haisimami, dada. Ndiyo maana watu wanaipenda. Wateja wetu ni wa vyuma, wa saruji. Saruji haina sikukuu." Akakusanya mfuko wake. Mlangoni aligeuka. "Kesho saa nne bado ipo?"

"Sijui," Diem alisema. Akamwandika moyoni kuwa mtu mkweli. Luan alikuwa ameuliza asichojua, na yeye Diem hakuuliza.

Mchana uliobaki Diem alizunguka. Aliteremka ghalani bila sababu, akapanda. Ilikuwa rahisi kuongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa kumi na nne, *tarehe za mwandamo zishughulikiwe baadaye*. Mkataba ungesainiwa, na cheo kingekuwa chake kabla Septemba haijafika. Aliuandika mstari huo mara tatu na kuufuta mara tatu. Mara ya tatu Shangazi Bay alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huo ufunguo wa kufutia utauvunja," alisema, akaenda zake.

Ijumaa saa tatu na nusu Diem aliingia kwa Baba Mdogo kabla hajaitwa. Mkataba wa Velto ulikuwa mezani na kalamu juu yake.

"Baba Mdogo, nimekosea."

Alimweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio, kuanzia hekalu la Phuoc Quang. Alisema kwamba zile mara sitini na tatu Cau Noi iliposimama, hamsini na nane zilikuwa tarehe za mwandamo, na yeye aliikata alama kwa kila moja. Baba Mdogo alisikiliza akiwa ameshika ripoti na kidole chake juu ya saini ya Diem.

"Hii ni saini yako."

"Ni yangu."

"Wiki sita ulizokaa na kazi hii."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaniambia Cau Noi ni bora."

"Hapana. Ni nzito. Maagizo yakirundikana inakwama dakika mbili tatu, na skrini yake inachosha. Lakini isichokijua inakiuliza. Velto isichokijua inakifanya haraka."

Baba Mdogo aliiweka ripoti mezani. Kwenye korido mtu alipita akikokota katoni.

"Ikiuliza, itajibiwa na nani? Bay ameshakata tiketi ya kwenda kwa dada yake Ben Tre."

Hilo Diem alikuwa amelibeba usiku kucha, na alikuwa na jibu dogo tu. "Ana siku tisa za kazi. Atanitajia wateja wote mmoja mmoja, nani anafuata mwezi na nani anafuata ofisi. Baada ya hapo itaniuliza mimi."

"Na ukikosea tena?"

"Nitakuwa nimepiga simu kwanza."

Baba Mdogo alichukua kalamu. Diem aliitazama ile kalamu. Mkurugenzi aliifunika kifuniko, akaurudisha mkataba kwenye bahasha yake.

"Mpigie Luan mwenyewe. Mwambie kwa adabu. Cau Noi nitaijaribu hadi sikukuu ipite, zaidi ya hapo sisaini hata siku moja. Na lile dawati," akatafuta neno, "tutaliongelea mwezi wa saba."

"Wa saba upi, Baba Mdogo?"

Alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. "Toka hapa."

Shangazi Bay alikuwa ameshavuta kiti cha pili karibu na dawati lake, na kwenye skrini Cau Noi ilikuwa imesimama kwenye agizo jipya, la sitini na nne, ikingoja.

"Kaa," alisema. "Andika. Hekalu la Phuoc Quang, mwandamo. Mama Nhan wa soko la Binh Tay, mwandamo, ila wakati wa mwaka mpya huchanganya, huyo mpigie kila mara. Umekaa?"

Diem alikuwa bado amesimama, kalamu mkononi, akiandika juu ya goti aliloliegemeza kwenye kiti.

"Endelea, shangazi," alisema. "Nakusikia."