Kimesikia au Kimesikika

Opereta wa antena aliingia zamu ya asubuhi, akafungua daftari la zamu kwenye kompyuta, na mstari mmoja ukamtoa jasho. Mwenzake wa kituo cha ng'ambo, ambako chombo kilikuwa kimepita angani saa mbili zilizotangulia, alikuwa ameandika: "Chombo kimesikia." Basi, hakuna la ziada.

Chombo chenyewe, setilaiti ndogo ya kupima mvua, kilikuwa kimelipa jua kisogo siku tatu, betri taabani. Amri ya kukigeuza, ambayo mwenzake alipaswa kuituma, ikifika mara moja, kinapona. Ikifika mara mbili, kinageuka tena gizani, na ndiyo kwaheri.

Sasa huyu bwana alimaanisha nini jamani? Kimesikia, yaani amri kimeipokea? Au alitaka kuandika kimesikika, yaani yeye ndiye aliyekisikia, na amri bado hajaituma? Vituo vyote vilimwita Kasi, maana silabi alizimeza hata kwenye jina lake. Opereta alimpigia mara nne. Simu ikaita weee, kimya.

Opereta alikuwa mdadisi wa kuzaliwa, mama huyu. Redio tatu za baba yake zilifia mikononi mwake. Akarudi nyuma kwenye daftari mwaka mzima. Kimesikia, kimesikia, kimesikia, hata siku ambazo hapakuwa na amri ya kutuma. Kimesikika Kasi hakuwahi kuiandika.

"Umeona?" alisema msimamizi wa zamu, kasimama nyuma yake. "Amekosea kama kawaida yake. Kikichomoza tu, tuma."

"Ngoja nikiulize chenyewe kwanza."

"Una dakika tisa. Kesho hakifiki."

Sahani ya antena ikageuka, chombo kikachomoza upeoni. Namba ya chaji ndiyo ingesema kama kimeliona jua, lakini kwa uchovu wake kilituma herufi moja moja. Dakika ya nne ikapita, ya sita nayo. Msimamizi alishahamia kwenye kutafuna kucha. Opereta naye, tusifichane, aliogopa sana. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma amri, na hamu ya kujua tu ndiyo iliyokizuia.

Dakika ya nane namba ikatokea. Jana ilikuwa asilimia tisa. Sasa kumi na nne, na inapanda. Safari hii Kasi alikuwa ameandika sawasawa: amri ilishafika. Opereta akaondoa kidole polepole.

Simu ikalia. Alikuwa Kasi, sauti nzito ya usingizi.

"Dada, simu nne? Kuna msiba?"

"Hakuna, kaka," alisema, machozi yakimtoka. "Hakuna msiba."