Kisanduku Kilichozuiwa

Mtaani walimwita Shoka, kwa ajili ya bucha lake na kwa ajili ya mkono wake pia. Jioni hiyo alimpigia simu fundi wa runinga kama mtu anayeita mbwa: "Njoo sasa hivi! Ngumi zinakaribia kuanza na kisanduku hakishiki mtandao."

Mke wa Shoka ndiye aliyemfungulia fundi mlango, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu hadi kiwikoni. "Karibu," alisema akiangalia sakafu. Sebuleni, runinga pana kama mlango ilikuwa ukutani, na chini yake kile kisanduku kidogo cha kuletea filamu na michezo kwa intaneti. Pembeni, dada yake Shoka, mshonaji aliyeishi nao, alikuwa akipiga pasi nguo za wateja.

"Simu zinashika?" fundi aliuliza.

"Zinashika zote. Hicho tu ndicho kimekufa," Shoka alijibu, amekaa mbele ya meza ya kioo iliyojaa chupa.

Fundi alizima ruta, akaiwasha. Akafanya vivyo hivyo kwa kisanduku. Akaandika paswedi upya, herufi moja moja. Kisanduku kiliuona mtandao, kikabisha hodi, kikafukuzwa. Basi akakiunganisha na intaneti ya simu yake mwenyewe, na picha ikaja safi kabisa.

"Ehe! Iache hivyo hivyo!"

"Bando langu litaisha kabla hata hawajavaa glovu, bosi. Kisanduku ni kizima. Ruta ndiyo inayokikataa."

Akarudi kwenye mtandao wa nyumba, akafungua mipangilio ya ruta kwenye simu. Kisanduku kilikuwa kimezuiwa. Hilo halikuwa tatizo la waya wala la radi. Kuna mtu alikuwa amekizuia makusudi. Akainua macho. Mshonaji alikuwa amesimama kama kigingi, pasi imesahauliwa juu ya kitambaa kilichoanza kutoa moshi. Fundi aliutazama mkono wa yule mke, akaelewa.

"Ruta imechoka, bosi," alisema. "Kesho nitakuletea nyingine."

Shoka hakuwa mjinga. Alimpokonya simu, akasoma kwa sauti: "Kimezuiwa." Akamgeukia mkewe. "Nani kakizuia?"

"Sijui, mume wangu."

Kofi la kwanza lilimrusha hadi ukutani. La pili lilimkuta anateleza chini, na damu ikamtoka puani. Shoka akainua mguu ampige teke la mbavu.

"Mwache! Ni mimi!" dada yake alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyekizuia! Kila ukitazama ngumi, mazoezi unayafanyia kwake. Ule mkono nani kauvunja, si wewe?"

"Unanihujumu ndani ya nyumba yangu?"

Akamrukia, akamkaba koo kwa mikono yote miwili, akambana kwenye meza ya kupigia pasi mpaka ikaanguka na pasi yake. Fundi alimvuta kwa nyuma. Alipokea kiwiko cha mdomo, akasikia jino likivunjika kama karanga, akaanguka chali. Macho ya mshonaji yalianza kupinduka. Miguu yake ilikuwa ikipiga sakafu, kisha ikawa inakwaruza tu.

Mke alitambaa. Akaiokota pasi kwa mkono wake mzima, akaibandika shingoni mwa mumewe, akaikandamiza.

Shoka alilia kama ng'ombe. Harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa chumba. Alirudi nyuma akipapasa hewa, akajikwaa kwa fundi, akaiangukia meza ya kioo kwa uzito wake wote. Alipojaribu kuinuka, kipande cha kioo kilikuwa kimezama pajani na damu inaruka. Bado aliunyoosha mkono kumtafuta mkewe.

"Nitakuua," alisema.

"Tokeni!" fundi alisema kwa mdomo uliojaa damu. Wakakokotana hadi barabarani.

Majirani, ambao kwa muda mrefu walijifanya hamnazo, safari hii walitoka. Wawili wakamfunga Shoka paja kwa shuka, wengine wakaita polisi. Alishonwa hospitalini huku amefungwa pingu kitandani. Mahakamani, fundi alieleza yote aliyoyaona, pengo lake likimfanya apige mluzi kila alipotamka "simu", na watu wakacheka hata pale. Shoka akafungwa.

Sasa wanawake hao wawili wanaishi chumba kimoja nyuma ya duka la ushonaji. Mtaani wanataniwa: wifi aliyekata waifai. Mama yake Shoka hakutania. Alikuja mlangoni na kanga kichwani, akakataa kuketi.

"Umemchagua mke wa mtu, ukaiacha damu yako," alimwambia binti yake.

Mshonaji aliishusha skafu aliyojifunga shingoni. Makovu ya kucha yalikuwa bado hapo, meusi.

"Damu yangu ndiyo iliyonikaba, mama," alisema. "Ukitaka kukaa, kiti kipo."

Mama alikitazama kiti, kisha akaondoka.