Maombi ya Kumtafuta Kipa Numbi

Papa Zéphirin alikuwa na mvi, mke, mwana aliyekwisha kuoa, jina lake Exaucé, na cheo cha ushemasi, na katika hayo yote hakuna lililomzuia kukusanya vipicha vya wachezaji wa mpira. Zamani vipicha hivyo vilikuwa vikitoka ndani ya pakiti za biskuti, enzi ambazo kiwanda cha biskuti kilikuwa bado kinafanya kazi na timu ya Panda, mtaa wao wa Likasi, ilikuwa bado inashinda. Utotoni alivipata vyote isipokuwa kimoja, halafu mama yake akavitumia kuwashia moto wa mbabula, jiko lake la makaa. Alipofika makamo akaanza upya, kwa bidii ambayo ofisini kwake, alikokuwa karani, hawajawahi kuiona.

Watu wakimcheka alijibu kwamba anahifadhi historia. Akiwa peke yake alijua kwamba mtu hajifungii chumbani ili kuhifadhi historia. Kipicha cha Clovis, winga wa kushoto, alikipata Kakanda, kwenye machimbo, kwa kubadilishana na simu yake, simu nzima inayoita, na nyumbani akasema imeibwa. Mke wake, mama Angèle, akamwombea mwizi atubu. Zéphirin aliitikia amina.

Sasa albamu ilibaki na pengo moja, lile lile la utotoni: Numbi, kipa. Rafiki yake Papy, mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko, aliwahi kumletea nakala ya kipicha hicho, ya rangi, safi kabisa, iliyotoka kwa mkusanyaji mwingine wa Lubumbashi. Zéphirin aliirudisha.

“Fotokopi haina roho,” alisema.

“Na biskuti ilikuwa na roho?” Papy akauliza.

Zéphirin aliondoka amenuna, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Jambo lenyewe liliharibika siku ya Jumapili. Katika kanisa lao, kabla ya mahubiri, mchungaji Samy huuliza nani ana ombi. Mtu husimama, akataja haja yake, na wote wakaipeleka kwa Bwana. Zéphirin alikuwa amepanga kumwombea shemeji yake mwenye homa. Lakini kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake.

“Muniombeeko, ba ndugu,” alisema. “Kuko Numbi. Ninamutafuta tangu niko mutoto. Nilishatafuta Likasi yote, Kakanda, mpaka Lubumbashi. Anakosekana yee moya tu.”

Kanisa zima likaguna kwa huruma. Mama Orpha, kiongozi wa kundi la maombezi, alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hapo ndipo Zéphirin angeweza kueleza kwamba Numbi ni karatasi inayoenea kiganjani. Lakini mama Orpha alikuwa ameshasimama kutangaza mfungo wa siku tatu, na si rahisi kumwambia mtu anayefunga kwa ajili yako kwamba aende akale. Akakaa.

Walipofika mlangoni kwao, Angèle akamgeukia.

“Numbi ni nani? Ni mutoto ya inje?”

“Apana. Ni gardien. Ule kipa wa mu albamu.”

Angèle alimgusa paji la uso kama anayepima homa. Ilionekana kwamba habari ya mtoto wa nje angeielewa upesi zaidi.

Zéphirin alitumaini kwamba ombi litasahaulika. Alisahau yeye kwamba kundi la mama Orpha haliombi kwa magoti peke yake. Linaomba na kwa simu, na hakuna kambi ya wachimbaji ambamo mmoja wao hana ndugu. Baada ya wiki chache, ibada ikiendelea, mama Orpha aliingia akimshika kiwiko mzee mrefu mwenye viganja vipana kama koleo.

“Papa Zéphirin, Bwana anajibu,” mchungaji Samy alisema. “Uyu mzee ni nani yako? Ni nkambo? Ni baba mudogo?”

Zéphirin alisimama. Kanisa lote lilikuwa limegeuka kumwangalia.

“Ni gardien yangu,” alisema.

Mzee naye aliangalia huku na huku. “Minye sikupoteaka,” alisema. “Niko Kakanda tangu kazi ilikufa huku. Banasema kuko muntu analia juu yangu, njo nilikuya.”

Ikabidi Zéphirin aeleze. Alieleza biskuti, albamu, pengo, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaeleza hata simu. Watu walicheka mpaka benchi moja la nyuma likavunjika mguu. Mchungaji Samy aliyaweka kando mahubiri aliyoyaandaa, maana hakuna ambaye angeyasikiliza. Mama Orpha peke yake hakucheka. Alikuwa akikumbuka njaa yake.

Mzee Numbi alipelekwa kula nyumbani kwa Zéphirin. Angèle alimpa bukari na samaki, na alipomaliza kunawa akaonyeshwa albamu. Aliliangalia lile pengo, kisha akafungua Biblia yake na kutoa kipicha ambacho watu wa kiwanda walimpa vipicha vilipotoka.

“Kamata,” alisema. “Minye niko na sura yangu.”

Zéphirin alikiingiza mahali pake. Albamu ilijaa. Alifurahi, furaha ile ya kijinga ya mtoto wa Panda, na ilidumu muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kwa sababu mzee aliendelea kufunua kurasa, akitaja wenzake kwa majina, mpaka kidole chake kikasimama kwa winga wa kushoto.

“Clovis,” alisema. “Mudogo yangu. Alikufa mu shimo ku Kakanda. Hatukubakia na foto yake hata moya. Sura yake inaanza kunipotea.” Akamgeukia Zéphirin. “Unipeko ye.”

Wachezaji wengine Zéphirin alikuwa nao wawili wawili, kwenye kopo la maziwa. Clovis alikuwa mmoja tu.

“Tutafanya fotokopi, papa,” alisema haraka. “Ya couleur. Hautaona tofauti.”

“Kama ni vile,” mzee alijibu kwa upole, “fotokopi ubakie nayo weye.”

Angèle, aliyekuwa akiondoa sahani, alisimama hapo hapo. Zéphirin aliona haya, haya ya kweli, ambayo hata kule kanisani haikumfika. Akaingiza ukucha chini ya kipicha na kukitoa.

Asubuhi, kabla mzee hajapanda gari la Kakanda, walipitia kwa Papy. Papy alikiangalia kipicha, akamwangalia mzee, akamwangalia Zéphirin.

“Ile roho,” aliuliza, “niitoshe mu couleur ao mu noir et blanc?”

“Mu couleur,” Zéphirin alisema, akiangalia barabarani.

Jumapili iliyofuata mchungaji Samy aliuliza nani ana ombi, na kanisa zima likageuka upande mmoja. Zéphirin alijikuta anaanza kuinuka kwenye benchi. Angèle akamshika pindo la koti.

“Ikala, papa Exaucé.”

Akakaa, na kweli hakutoa sauti. Lakini wenzake walipofumba macho kuwaombea wagonjwa, yeye alikuwa akimweleza Mungu, polepole asikosee, kwamba sasa ni Clovis, winga wa kushoto, na kwamba safari hii mama Orpha asisumbuliwe.